Mpwa wangu alisahihisha kitabu changu cha vita kwa biki nyekundu

Wakuu, heshima zenu.

Ninaandika nikiwa Bunia, na ninayoyaeleza yametokea nyumbani kwangu, kwa hiyo sina haja ya kuyatia chumvi. Nimevumilia wiki mbili kabla ya kufungua uzi huu. Uvumilivu umeisha.

Mimi ni mwalimu wa historia, nimevuka arobaini. Miaka michache iliyopita niliandika kitabu kidogo kuhusu vita nilivyonusurika nikiwa kijana, hapa hapa mjini. Nilikiandika kwa Kifaransa cha kujipamba. Hilo nalikiri mapema.

Tulikibatiza, yaani tulikizindua, kwenye ukumbi wa parokia, kama ilivyo desturi yetu. Kitabu kikapata baba wa ubatizo, akakizungumzia nusu saa nzima, na kutokana na maneno yake nilitambua kwamba alikuwa amesoma jalada la nyuma tu. Waliobaki wakanishika mkono: "Prof, kuraji!"

Kuraji, yaani jipe moyo, ya nini? Kitabu kimekwisha andikwa! Hakuna hata mmoja aliyenitajia ukurasa.

Sasa, yuko binti mmoja aitwaye Dorcas, miaka kumi na sita, mtoto wa dada yangu mdogo. Wao ni wakulima wa Djugu, na nyumba yao wameikimbia mara tatu. Mara ya mwisho dada yangu alihamia Mahagi, anauza unga sokoni, akamleta Dorcas kwetu mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, aendelee na shule.

Huu ni mwaka wake wa pili kwetu, na nguo zake hazijawahi kuingia kabatini.

Zinakaa ndani ya begi la mgongoni, chini ya kitanda, pamoja na buletini za shule, yaani ripoti zake za matokeo, viatu vya kamba na chumvi iliyofungwa kwenye nailoni. Akifua nguo, ikikauka, inarudi kwenye begi. Anakwenda shule amekunjamana, na mke wangu ananitazama mimi.

Nilisema. Niliomba. Nilinunua hata hanga.

Ndipo nikapata wazo ambalo ni msomi tu anayeweza kulipata: nikampa kitabu changu. Sura ya mwisho inaeleza jinsi nilivyorudi, nikajenga, nikaoa. Nilitaka aone kwamba vita huisha na mtu akatulia mahali. Kwa kifupi, nilitaka afungue lile begi.

Alikisoma kwa siku nne. Jumamosi asubuhi, nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi uani, akakiweka mezani. Nilikifungua. Kilikuwa chekundu kila upande.

"Noko, umeandika muzuri," akasema. Noko ndiyo mjomba kwetu. "Lakini makosa iko mingi."

"Makosa ya Kifaransa?"

"Hapana. Ya kukimbia."

Nilidhani anatania. Akavuta kiti.

"Hapa, ukurasa wa tisa, baba yako alifunga mulango na kofuli. Juu ya nini? Batavunja tu. Mulango unaacha wazi, baone hakuna kitu ya kubeba."

Katika ukurasa wa kumi na moja nilieleza ukimya wa barabara. Wakuu, ukurasa ule niliuandika upya mara kumi na nne. Pembeni yake, kwa biki nyekundu: *Viatu gani?*

"Na hapa munalia," akaendelea. "Sawa, munalia. Lakini mulikula nini?"

Mke wangu, aliyekuwa anawasha mbabula nyuma yangu, akacheka mpaka akaacha kupepea makaa. "Papa Exaucé, jibu mutoto. Mulikula nini?"

Tulikula mahindi mabichi tuliyoyaiba shambani mwa mtu. Kitabuni hayamo, kwa sababu niliona hayafanani na mateso.

"Na diplome ulibeba mu mukono, mvua ikapiga. Siye tunatia mu sashe mbili za nailoni."

Nikaanza kupata joto. Nilimweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba kitabu cha ushuhuda si ile karatasi ya maelekezo inayokuja na dawa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Ulikuwa wa thelathini na mbili.

Huo ndio ukurasa tunapompoteza mama yangu, bibi yake Dorcas ambaye yeye hakumjua. Watu walisukumana kwenye njia panda; sisi tukashika njia moja, yeye nyingine. Hatukumwona tena. Sina cha kuongeza hapa.

Dorcas hakuwa amepiga mstari hata mmoja. Chini kabisa kulikuwa na swali, akalisoma mwenyewe.

"Noko, hamukupatana fasi ya kukutana?"

Wakuu, nilipasuka. Nilisimama, karatasi za wanafunzi zikamwagika. Nilimwambia hana moyo. Nilimwambia anasahihisha kifo cha bibi yake kama mtihani wa hesabu. Kisha nikamwambia kwamba kama nyumba yangu haimtoshi, alivute begi lake chini ya kitanda aende.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimwambia hivyo mtoto aliyekwisha fukuzwa mara tatu.

"Papa Exaucé, nyamaza!" mke wangu akasema. Hakuwa anacheka tena.

Dorcas hakulia. Alikifunga kitabu taratibu.

"Mama njo alitufundisha," akasema, macho kwenye jalada. "Kila fasi tunakaa, siku ya kwanza anatuonyesha: tukipoteana, tunakutana hapa. Anasema koko, mama yake, alipotea juu hamukupatana. Siye tulipoteana mara mbili. Mara mbili tukakutana."

Akainua macho.

"Hapa kwako nangoja unionyeshe. Mwaka ya pili sasa."

Nilikaa chini. Dada yangu alikuwa na miaka tisa pale njia panda, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kutokana na msiba ule mimi nilipata sura nzima ya maombolezo na nikapigiwa makofi parokiani. Yeye alipata kanuni moja tu, na kwa kanuni hiyo watoto wake wako hai.

Nilimwomba Dorcas msamaha mbele ya mke wangu. Alisema "Haina neno, Noko," jinsi watoto wanavyosema ili mtu mzima aache kuaibika.

Kesho yake, baada ya misa, tulitoka wote kutafuta mahali. Ilikuwa fujo. Exaucé wangu, mwenye miaka minane, alitaka pale wanapouza mikate ya kukaanga. Mke wangu alitaka karibu na kanisa.

"Pale kila mutu atakimbilia," Dorcas akasema. "Hatutaonana."

Mahali nilipochagua mimi, mwenye shahada, alipakataa kwa sababu pana njia moja tu ya kutokea. Pa nne ndipo alipopakubali. Akatusimamisha, kila mtu akapataja kwa sauti, mimi mara mbili.

Begi bado liko chini ya kitanda, wakuu. Siliongelei tena.

Kinachonikera hadi leo si zile alama nyekundu. Ni kwamba kwa zaidi ya mwaka nilidhani mtoto huyu hataki kukaa kwangu, kumbe anangoja mwenye nyumba amalize kumkaribisha. Nimesoma, nafundisha vita ubaoni, nimeandika kitabu. Na watu wa nyumbani mwangu hawakujua pa kunitafutia.

Haya, uwanja ni wenu, hata wa kunisuta. Ila mkieleza mlivyopatana na familia zenu, msitaje mahali penyewe humu.

Na wewe ambaye bado hujapatana na wa nyumbani kwako, usinijibu kwanza. Waite watoto.