Tao la Tatu la Mahakama ya Zamani

Rafiki yangu, leo mchana nilikuwa soko la nguo la Shisanhang natafuta magauni ya watoto, miguu imevimba. Nikaegemea nguzo kwenye ile baraza ndefu ya matao ya kizamani. Mchukuzi mmoja akamwita mwenzake kutoka mbali, sauti ikanifikia kana kwamba yuko begani kwangu. Nikaketi juu ya furushi. Laoban, mwenye duka, akadhani bei imenishinda, akapunguza.

Haikuwa bei. Nilikuwa nimeikumbuka mahakama ya zamani ya wilaya yetu, nilikokwenda na bibi nikiwa mdogo.

Waliijenga Wajerumani kwa mawe na chokaa, Waingereza wakaja kuiezeka bati. Kuta zilikuwa nene hata mtoto aliweza kulala dirishani. Ndani kulinuka popo na wino. Nje barazani kulinukia mihogo ya kuchemsha, sisi yetu tuliifunga kwenye kanga. Karani alitoka mlangoni akaita jina mara tatu. Asiyeitika alihesabiwa ameshindwa.

Bibi alisikia kwa sikio moja tu, la kulia. Mashemeji zake walilitaka shamba aliloachiwa na babu, na shamba hilo ndilo lililotulisha. Kwa hiyo kila tulipokwenda alikaa chini ya tao la tatu, maana hapo sauti ya karani ilizunguka ikamshukia kichwani. Mama muuza chai alimtania kwamba ameolewa na hilo tao. Bibi akasema afadhali lenyewe halimfichi kitu.

Siku ya hukumu mvua ilipiga bati; karani alipoita, hata mimi sikusikia neno. Mashemeji walimtazama, wakingoja jina limpite. Bibi akainuka taratibu.

"Nipo," akasema.

Shamba likabaki letu.

Bibi alifariki mwezi uliopita. Mzigo wangu ulikuwa haujapakiwa, sikwenda kumzika. Wiki hii wameibomoa mahakama, wanataka kujenga nyingine ya vioo. Hapa Guangzhou nimeona majengo mengi yakivunjwa, nikapita tu. Hili limenichosha. Nilimwomba jirani yetu wa kule nyumbani aokote jiwe moja la lile tao, alipeleke kaburini.

Jioni hii amenipigia, bado anahema.

"Zito hilo, mwanangu. Nimeliweka upande wa kulia, kwenye sikio lake."