Subiri Mtoto Alie

"Mpiga pasi anafundisha watu kuua," Redio alisema pale bombani, huku akikamua shuka kama anayekamua shingo ya mtu.

Wanawake waliokuwa wakisubiri maji wakamgeukia. Redio hakubandikwa jina hilo bure. Akiamka yeye, habari nazo zimeamka. Lakini hii ilikuwa nzito hata kwa mdomo wake.

"Anafundisha kumuua nani?" mmoja akauliza.

"Mimi nitajuaje? Nimepita dirishani kwake nikamsikia kwa masikio yangu haya. Eti, 'Usimkabili kwa mbele, mzunguke upande wa mguu mbovu. Mchome mara mbili, uondoke, usiwe na tamaa.' Pasi ikalia shhh, halafu akaendelea, 'Akifa usikimbilie mali zake, wenzake wamejificha nyuma ya mlango.'"

"Toba!"

"Mama Kilio, si mnapakana ukuta nyie? Wewe hujasikia?"

Aliyeulizwa alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, na jina hilo alipewa kwa ajili ya huyo mtoto, ambaye tangu azaliwe alikuwa analia kama aliyeletwa duniani bila kuulizwa. Mama Kilio hakuwa msemaji. Shule aliishia ya msingi, na mbele ya watu alipenda kusikiliza kuliko kusikilizwa. Lakini siku hiyo aliona akinyamaza atakuwa ameshiriki.

"Ni gemu, dada. Huyo Shangazi wa pasi anacheza gemu za kupigana na mazimwi, na wenzake wakikwama anawapa mbinu kwa simu."

Kisha kicheko kikawapasuka hadi ndoo ikapinduka.

"Gemu! Mtu mzima vile, mvi zimejaa!"

"Bora angekuwa muuaji," Redio akasema, akijifuta machozi. "Muuaji angalau ana heshima yake."

Mama Kilio akajitwika ndoo, akaondoka akiwa na joto kifuani. Walipodhani mwenzao ni muuaji walimwogopa, lakini walipojua anacheza wakamdharau. Alijiuliza kama watu hawa wanajua wanachokicheka.

Yeye alijua. Ukuta uliowatenga ulikuwa mwembamba, hata kijiko kikianguka upande wa pili unaweza kusema kimeangukia wapi. Siku za mwanzo alikwenda kubisha hodi kwa jirani huyo ili kuomba radhi kwa kelele za mtoto. Alimkuta amesimama mbele ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa mkono mmoja, pasi mkono wa pili, na mashati ya watu yamening'inia kila upande kama wageni waliokosa viti.

"Radhi ya nini?" mpiga pasi alimwambia. "Mimi kazi yangu kunyoosha, yake kulia. Kila mtu na ajira yake. Karibu ndani, mwanangu. Niite Shangazi."

Ndivyo alivyomjua. Akajua pia habari ya kifundo chake cha mkono wa kushoto, kilichokaa upande kama bawaba mbovu. Shangazi alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba kubwa ya wageni tangu akiwa msichana, mpaka mashine ya kunyooshea mashuka ilipombana. Alipopona akarudi, akamkuta yule binti aliyemfundisha mwenyewe ndiye amekalia nafasi yake. Msimamizi akamwambia nenda nyumbani, mama, ukapumzike.

"Kupumzika!" Shangazi alikuwa akisema, na pasi ikishuka kwa kishindo kwenye kola ya mtu asiye na hatia. "Kwani nilimwambia nimechoka?"

Gemu zilimwingia hapo. Mtoto wa kaka yake alipopata kazi mbali aliiacha mashine yake ya gemu kwa Shangazi amtunzie, pamoja na runinga ndogo. Daktari alikuwa amemwagiza avichezeshe vidole visikakamae. Basi akashika padi, kile kidude chenye vitufe vya kuchezea. Gemu aliyoikuta ndani ilikuwa ya shujaa mwenye deraya ya chuma iliyoliwa na kutu, anayeingia kwenye ngome ya mazimwi, na kila akifika langoni anauawa.

"Nilikufa mpaka nikaona haya," alimsimulia Mama Kilio. "Nikasema hiki kitu kinanionea. Halafu siku moja nikatulia, nikamtazama yule anayeniua badala ya kutazama upanga wangu. Kumbe ana zamu zake! Anapiga, anapiga, anavuta pumzi. Mimi nilikuwa naingia wakati wake. Tangu hapo nikaipenda. Humu ndani, mwanangu, ukipigwa umekosea mwenyewe, na ukishinda umeshinda. Hakuna msimamizi."

Wachezaji wengine aliwapata kwenye kundi moja la simu, alikojiita Pasi, watu wa kibanda cha gemu kilichopo barabara ya pili, nyuma ya duka la rangi. Kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, hakuandika. Aliegemeza simu kwenye chupa ya maji, akabonyeza, akasema huku akipiga pasi. Mama Kilio, upande wa pili, akawa anazijua mbinu zote bila kushika padi hata mara moja.

"Usijaze nguvu za upanga wakati huna uhai wa kutosha. Maiti hana shabaha. Anza na uhai."

"Umevaa chuma mpaka huwezi kubingirika, umekuwa kabati. Vua."

"Ulichokusanya kitumie kabla hujaingia kwa bosi. Usiende kufa na akiba mfukoni."

"Dawa hainywewi mbele ya adui aliyeinua mkono. Mwache amalize zamu yake, ndipo unywe."

"Umeshindwa hapo? Usigonge kichwa ukutani. Zunguka kwingine, jitafutie nguvu, utarudi. Jitu halihami."

Hilo la mwisho Mama Kilio alilichukua kwa matumizi ya nyumbani. Mtoto akigoma kulala, alikuwa akimpembeza na kumpembeza mpaka wote wawili wanalia. Sasa akaacha kugonga kichwa. Anambeba, wanatoka kidogo, wanatazama nguo kwenye kamba, kisha wanarudi kujaribu tena. Kitanda nacho hakihami. Ila alipenda zaidi kutoka kwa sababu nyingine: kila mtoto akianza kulia, mtu fulani uani alikuwa akigonga ukuta na kupiga kelele, "Mnyamazishe huyo!" Haya ilimfanya mama wa watu akimbilie bombani na mtoto wake.

Alasiri moja Shangazi alisimama mlangoni kwake, ameshika simu kama anayeshika kitu kilichooza.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Nimebonyeza chombo hiki mpaka kidole kinauma. Sauti haziendi."

Mama Kilio akasoma. Maandishi yalikuwa mafupi. "Umetolewa kwenye kundi, Shangazi. Aliyekutoa ni Kamanda."

Kamanda alikuwa kijana mmoja mwenye maneno mengi, ndiye aliyefungua kundi na ndiye mwenye amri nalo. Shangazi alimfahamu kwa sauti tu. Aliwahi kumpa mbinu alipokwama kwa Jitu la Shoka, bosi wa mazimwi aliyewasumbua wote.

"Kanitoa? Nimemkosea nini?"

"Labda kabonyeza bahati mbaya."

"Bahati mbaya haina kidole," Shangazi akasema. Akajifunga kitenge upya. "Nina mashati ya kinyozi ya kupeleka, na kinyozi ukimtafuta muda huu yuko kibandani. Twende unisaidie kubeba."

Kibandani kulikuwa na joto la mashine na miili. Wachezaji walikaa kwenye mabenchi, nyuso zimemulikwa na skrini. Na ukutani, juu ya kiti cha mwenye kibanda, palibandikwa karatasi kubwa yenye herufi nyekundu: MBINU ZA KAMANDA.

Mama Kilio akaisoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, na kadiri alivyosoma ndivyo uso wa Shangazi ulivyobadilika. Maiti hana shabaha. Umekuwa kabati. Usiende kufa na akiba mfukoni. Yote yale. Hata "Jitu halihami" lilikuwepo.

"Nani kaandika hii?" Shangazi akauliza.

"Mimi hapa," kijana mmoja akajibu bila kugeuka. "Unataka nakala, mama?"

"Nataka maneno yangu."

Hapo Kamanda akageuka. Akamtazama mashati, akamtazama mvi, akacheka. "Wewe ndiye Pasi? Yule wa sauti? Mimi nilidhani unajifanya kizee kwa utani! Sasa mama, maneno hayana mwenyewe. Kila mtu anasema hayo hayo."

"Kama kila mtu anasema, ulinitoa kundini kwa nini?"

Kamanda akakohoa. Shangazi akamgeukia mwenye kibanda. Huyo akainua mikono yake miwili. "Mimi nauza muda wa kucheza, mama. Haki siuzi."

Wakati huo huo kinyozi, aliyekuwa amekaa pembeni na joho lake la kazi bado shingoni, akaitupa padi mapajani. "Kamanda, hii mbinu yako ya Jitu ni mbovu! Umeandika, 'Likiinua shoka, usiruke. Subiri mtoto alie, ndipo uruke.' Mtoto gani? Nimesubiri mpaka nimekatwa vipande. Ngome nzima nimeipekua, mtoto simwoni!"

"Yupo," Kamanda akasema haraka. "Ongeza sauti, utamsikia."

Mama Kilio akahisi damu ikimpanda kichwani. Alikumbuka asubuhi moja iliyopita, kabla hajamtoa mtoto nje, akiwa amekaa kitandani upande wake wa ukuta, akimsikia Shangazi akirekodi: "Likiinua shoka usiruke, linakutega tu. Ngoja... ngoja, mtoto analia... ngoja... sasa ruka!"

"Ni huyu," akasema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kibanda kizima kikamtazama. Akageuza mgongo ili wamwone mtoto aliyelala ameachama mdomo.

"Mtoto wenyewe ni huyu. Alikuwa analia chumbani kwangu Shangazi akirekodi. Kamtaja tu, akaendelea na kazi. Wewe Kamanda umesikia ukaandika, hata hukujua unaandika nini. Hujawahi kulishinda hilo Jitu hata siku moja! Ungekuwa umelishinda ungejua humo hamna mtoto."

Watu waliangua kicheko, mmoja akapiga benchi. Kamanda naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, kama mtu anayetaka kicheko kiwe chake. "Basi mwalimu wangu ni kichanga! Mleteni nimlipie soda!"

Shangazi hakucheka. Akaweka mashati juu ya benchi, akasimama nyuma ya kinyozi.

"Shika padi. Mtoto hayumo. Tazama bega, achana na shoka. Bega likishuka ndipo uruke, na uruke kuliendea, usilikimbie. Nyuma yake hapafiki shoka."

Kinyozi akaingia. Jitu likainua shoka, likakaa nalo juu kama linalotafakari. "Bado," Shangazi akasema. "Bado. Bega hilo... sasa! Piga. Piga. Toka! Nimesema toka!" Kinyozi hakutoka. Aliona damu ya Jitu imebaki kidogo, tamaa ikamshika, akapiga la tatu, akafagiliwa.

"Tamaa!" Shangazi akamfokea. "Hata nyumbani kwenu huwa unakula hivyo? Mara mbili, unaondoka. Rudi."

Akarudi. Safari hii alipiga mara mbili na kuondoka, akapiga mara mbili na kuondoka, hana haraka, mpaka Jitu likapiga magoti na kusambaratika kuwa majivu. Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha mtoto, naye akajiunga kwa nguvu zake zote. Kinyozi akaruka juu, machozi yanamlenga, joho linapepea, akakimbilia kwenye kiti cha pembeni, akamkumbatia Kamanda.

"Kamanda! Nimeliua! Mbinu zako ni kiboko!"

Alikuwa na furaha, hakufikiri. Hilo ndilo lililomuuma Mama Kilio zaidi. Hakuna aliyefanya ubaya wa makusudi pale isipokuwa mmoja, na bado wote walisimama upande wa huyo mmoja. Karatasi ilibaki ukutani. Mwenye kibanda akachukua kalamu, akafuta "mtoto alie", akaandika "bega lishuke". Jina la juu hakuligusa.

Walirudi nyumbani. Mtoto alilia, mama akamtingisha, akalia tena. Walipokaribia bomba Redio akasimama mikono kiunoni.

"Nasikia mmepigana huko kibandani! Eti mtoto ndiye kaua!"

"Ndiyo," Shangazi akamjibu bila kusimama. "Na hajashiba."

Ndani kwake alichomeka pasi ukutani, akachukua shati la kwanza, akalitazama tu. Mama Kilio akakaa karibu, mtoto mapajani.

"Mara ya kwanza niliondoka kimya," Shangazi akasema. "Kule kwenye mashuka. Nilikusanya vitu vyangu, nikamtakia yule binti heri. Heri! Ndiyo maana najua. Ukiondoka kimya, wanasema hata hukuwepo."

"Sasa utafanya nini?"

"Nafungua kundi langu. Kinyozi ana namba za wenzake, akipoa furaha nitambana azitoe. Naanza upya, mbinu moja moja. Wanaweza kuiba maneno, wanaweza kunakili hata kikohozi changu." Akanyunyizia shati maji, akashika pasi. "Lakini mwanangu, nina ombi."

"Sema, Shangazi."

"Kila akianza kulia unamkimbiza bombani, nakusikia. Unawaonea haya wagonga ukuta. Kesho nikirekodi, usimtoe. Mnyonyeshe, mpembeze, fanya kazi yako ya mama, lakini mkae hapo hapo ukutani. Akilia, mwache alie. Wakimsikia huyo nyuma yangu, watajua anayesema ni nani."