Mwanamke Aliyeingia Mtumbwini

Penye wazee huharibika neno. Pulkeria Kakuru ameigeuza methali hiyo mwenyewe, na haoni haja ya kuirudisha ilivyokuwa.

Ni saa moja asubuhi katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, na umande bado umelala kwenye migomba. Pulkeria amekunja gauni na kulifunga kiunoni, juu ya suruali ya michezo ya mwanawe. Anasugua nyayo kwa brashi na maji ya moto. Kisha anapanda ndani ya mtumbwi wa mti, ule wa kukamulia ndizi, anashika ufito uliofungwa juu yake, na kuanza kukanyaga.

Mumewe, Projestus, amekaa kwenye kigoda. Amenyoosha mguu wa kulia. Anamenya ndizi mbivu na kuzitupia mtumbwini, kisha anazirushia nyasi za kusaidia kukamua maji yake.

"Kisigino, Mama Ambrose! Unabembeleza."

"Njoo ukanyage wewe."

"Ningeweza ningekuwa nakubembeleza wewe?"

Wanacheka. Juisi inaanza kupanda, nyepesi, ya rangi ya asali. Ikichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kesho itakuwa lubisi, pombe ya ndizi.

Hakuna aliyeagiza lubisi hii. Ndizi ni za shamba lao wenyewe, na kama kawaida ya siku hizi, wataiuza kwa wapita njia. Majirani hawaleti tena ndizi zao hapa kukamuliwa. Wamekatazwa.

Katika ukoo wa mumewe, kukanyaga ndizi ni kazi ya mwanamume. Mwanamke atabeba mikungu, atamenya, atakata nyasi, atachota maji, atakaanga mtama, na pombe ikiwa tayari atapiga magoti kuwagawia wageni. Miguu yake haiingii mtumbwini. Inasemekana ikiingia, pombe haichachi na migomba ya mwenye nyumba hukauka.

Wanaolisema hilo si wanaume peke yao.

"Nimezaa watoto saba, na mtumbwi nauona kwa mbali," anasema Mackrine, jirani yake, huku akichambua maharage. "Huyu anatafuta nini humo? Kama ni ndevu, aende dukani aulizie."

Projestus, mwenye umri wa miaka 54, ndiye aliyekuwa mkanyagaji. Aliitwa kila penye harusi, matanga au kipaimara. Miaka miwili iliyopita, akitoka kukamua Mabira, wilaya jirani ya Kyerwa, bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye tope na kumwangukia. Goti halikurudi mahali pake.

Alikuwa bado kitandani walipoletewa ndizi za mteja, zimeshatolewa kwenye shimo la kuivishia, zimeiva. Ndizi iliyoiva haisubiri goti lipone. Wakanyagaji wengine walikuwa wameshaitwa kwingine, na vijana wengi wameacha kazi hiyo, wanaendesha bodaboda.

"Nikamwambia Projestus, wewe nielekeze tu," anakumbuka Pulkeria. "Nikafunga lango la uani. Akawa anapiga kelele kutoka kitandani, kushoto, kulia, geuza nyasi. Mteja alipokuja, akaonja, akamshukuru yeye."

Wakaendelea hivyo. Mke alikanyaga nyuma ya nyumba, mume akapokea wageni mbele. Kwa mtumbwi mmoja walilipwa shilingi elfu kumi na tano, na wakati wa kiangazi waliweza kukamua mitatu kwa wiki. Fedha hizo ndizo zilizompeleka mtoto wao Ambrose chuo cha ufundi.

"Yeye alipata sifa," anasema Pulkeria. "Mimi nikapata miguu ya kuuma."

Projestus naye alikuwa na yake ya kubeba. Watu walijua anapika na anafua. "Wenzangu kijiweni waliniuliza kama nimeshatoboa masikio," anasema. "Nikawajibu bado, nasubiri hereni."

Siri ilifichuka Juni mwaka huu, nyumbani kwa Gaudiosus, ndugu wa ukoo, siku wakwe kutoka Nkwenda walipoleta mahari ya binti yake. Katika ukoo huu, mwenye nyumba huonja lubisi kwanza, kisha hutaja mbele ya wageni jina la aliyekanyaga. Gaudiosus alimtaja Projestus, kama alivyoamini.

Lubisi ilikuwa nzuri mno. Wakwe waliomba aliyekanyaga aitwe apewe kibuyu cha heshima. Mzee Yustus, mkuu wa ukoo, ndiye aliyemkabidhi.

"Goti limevunjika," mzee alitangaza, "lakini tazameni, mwanamume hajavunjika!"

Watu wakapiga vigelegele.

"Nilitaka kunywa," anasema Projestus. "Kibuyu kilishafika mdomoni. Nikamwona mke wangu pale mlangoni, amepiga magoti anawagawia watu pombe yake mwenyewe, na vifundo vya miguu vimevimba. Nikakishusha. Nikasema, wazee, hii si miguu yangu. Ni ya yule pale."

Watu mmoja mmoja wakaweka vibuyu chini. Mgeni mmoja wa Nkwenda, wanakumbuka wote, aliuliza kwa upole kama inaruhusiwa kumalizia iliyomo.

Wiki hiyo hiyo wazee wakakaa. Wakaamua kwamba Pulkeria alete mbuzi, apige magoti mbele ya ukoo na kutamka kwamba amekosa. Hata akifanya hivyo, atakanyaga uani kwake tu, lango likiwa limefungwa, bila kutajwa. Asipofanya hivyo, hakuna nyumba ya ukoo itakayompa ndizi. Katika kijiji ambacho karibu kila nyumba ni ya ukoo huo, ni sawa na kumwambia akae bila kazi.

Wakwe wenyewe hawakulalamika. Mahari imepokelewa na harusi iko palepale.

Mzee Yustus hazungumzi kama mtu mwenye hasira. "Sina ugomvi na mama huyu, anajituma," anasema. "Lakini kila kitu kina mwenyewe. Bei ya kahawa wanapanga wengine. Watoto wanafundishwa na wengine. Ukimtoa mwanamume mtumbwini, unambakishia nini?"

Pulkeria alipofikishiwa maneno hayo, alifikiri kidogo. "Amuulize Projestus," akasema. "Yeye ametoka mtumbwini na bado yupo."

Tangu Juni amekamua mtumbwi mmoja tu wa kulipwa, wa mwalimu mgeni asiye wa ukoo. Ada ya Ambrose ya muhula huu imelipwa nusu. Gaudiosus, anayehitaji lubisi ya harusi na hajapata mkanyagaji, amekuja mara kadhaa kumsihi.

"Neno moja tu, shemeji," alimwambia. "Mbuzi nitatoa mimi. Wewe utoe mdomo."

"Mdomo wangu ni ghali kuliko mbuzi wako," alimjibu.

Mpango wake anao. Kandokando ya barabara ya kwenda Nkwenda kuna kipande cha ardhi alichorithi kwa mama yake. Anataka kujenga banda lenye mitumbwi miwili, lisilo na lango la kufunga, ili mwenye ndizi azilete mwenyewe na amwone anayekanyaga. Nguzo nne zimeshasimama. Projestus anasuka majani makavu ya migomba ya kuezekea. Iwapo watu watakuja, Pulkeria hajui.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Yustus anafika kwao na wazee wawili. Wanakaribishwa kwenye vigoda kibarazani. Pulkeria anatoka jikoni, anapiga magoti kama inavyompasa mke wa ukoo, na kuwasalimu kwa jina la heshima la wazee.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee anamtazama pale chini, kisha anawageukia wenzake. "Basi, si huyo ameshapiga magoti? Mbuzi Gaudiosus ameahidi. Hapo hapo ulipo, mama, malizia neno lenyewe, tunywe chai, yaishe."

Wazee wawili wanaitikia kwa vichwa. Projestus anaangalia mguu wake.

"Nimepiga magoti kukusalimu, waitu," anasema Pulkeria. "Salamu imekwisha."

Anainuka, taratibu, mkono ukishika nguzo ya kibaraza.

"Hata kwa sauti ndogo," anasema mzee. "Tutakaosikia ni sisi tu."

"Ndizi nilikanyaga mimi, na pombe mliisifu. Chai nitawaletea, waitu. Radhi siombi."