Tulivyobadilisha suspension ya muscle car ya mdogo wangu gereji ya nyumbani, Edmonton, na kwa nini gari halipo tena

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika jambo lililonitokea mimi mwenyewe hapa Edmonton, London, si la kusimuliwa. Na kwa kuwa najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "chai" chini ya kila uzi, nawataja mapema wote waliokuwepo siku ile. Mkitaka mashahidi, mnao.

Nilikuwepo mimi, niliyekuwa chini ya gari.

Alikuwepo Joel, mdogo wangu wa mwisho, mwenye gari.

Neema, wa katikati, nesi, alikuwa ametoka shift na badala ya kulala akaja kutukagua.

Frank, mchumba wa Neema, kijana wa Arusha ambaye sijawahi kumwona akibeba kitu kizito kuliko simu yake.

Na Baba Brian, jirani yetu Mkenya, ambaye hakualikwa na mtu.

Watu watano ndani ya gereji ya matofali nyuma ya nyumba, zile ambazo Waingereza walijenga zamani kwa ajili ya vigari vyao vidogo, na siku hizi kila mtu anawekea friza na baiskeli mbovu.

Sasa kuhusu gari.

Ni muscle car ya Kimarekani, V8, limezaliwa kabla yangu. Jina silitaji, wenye ugonjwa wa magari haya mtalitambua. Refu kama jeneza la tajiri, lakini milango miwili tu. Ukiliwasha asubuhi mtaa mzima unajua Joel anaenda kazini. Mafuta linakunywa kama limeambiwa kesho hayapo.

Na kuna hili la kuudhi zaidi. Kigari changu cha dizeli, ninachoendea kazini, nakilipia ULEZ, ile tozo ya jiji kwa magari ya moshi mchafu, kila nikikitoa nje. Dubwana la Joel, kwa kuwa ni zee kupita kiasi, linahesabiwa historic na halilipi kitu. Yaani moshi wake ni urithi wa taifa, wangu ni uchafu. Nchi hii bwana.

Joel alilinunua bila kuniuliza. Alijinyima miaka mitatu, kisha Jumamosi moja nikasikia mngurumo nje, nikachungulia dirishani nikidhani ni lori la taka. Ni yeye, anatabasamu kama siku ile alipong'oka jino la kwanza.

Niwaeleze kwa nini nilitaka kuulizwa.

Wazazi wetu walifariki tukiwa Mwanza, mmoja akamfuata mwenzake ndani ya mwaka. Mimi nilikuwa Form Two. Nikaacha shule, nikaenda kushika spana gereji ya mtaani, na jioni narudi kupika. Baadaye Shangazi, aliyekuwa huku, akatuvuta mmoja mmoja. Wadogo kwanza, mimi mwisho. Joel alifika hapa ana miaka saba. Ndiyo maana ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri, lakini majibu yanakuja nusu nusu.

Sijawahi kuoa. Siyo malalamiko, ni maelezo tu. Nafanya kazi ya matairi na breki za van, na wale wawili wamesoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo mtu niliyemfunga viatu anapokuja na gari la V8 bila kuniuliza, niacheni nikasirike.

Gari lenyewe lilikuwa limechoka chini. Kwenye roundabout linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Joel akaagiza boksi zima kutoka Marekani: springi za mbele fupi na ngumu, shokapu mpya, bushi zote, na springi za nyuma za vyuma bapa kama za lori. Akataka kupeleka kwa mafundi wa Kizungu.

Nikamwambia fundi yupo ndani ya nyumba.

Na nikaweka masharti, Neema akisikia. Nikishafunga, tutazunguka nalo barabara kuu ya North Circular. Likitulia, linabaki na sitalisema tena. Likisumbua, linauzwa.

Joel akanipa mkono. "Deal, bro."

Siku ya kazi, wakuu, ndipo nilipogundua kwamba Mswahili hawezi kufungua nati bila kuunda kamati. Kufika saa nne asubuhi Frank alishafungua group la WhatsApp. Tukiwa watano, tumo humo humo ndani, tunaonana, anatutumia picha za kitu tunachokitazama.

Baba Brian yeye alikuja na glovu mpya. Alitoka nazo mpya vile vile.

Springi ya mbele ya magari yale lazima uibane kwa chombo maalumu ndipo itoke, na ikikuponyoka inaua. Nikiwa naibana, jasho linanitoka, namsikia Baba Brian nyuma yangu:

"Boss, hiyo spring ikiruka inakutoa kichwa. Mimi niliona kwa YouTube."

"Basi kaa mbali nayo."

"Si nimekaa mbali, boss."

"Kaa mbali zaidi. Kaa kwako."

"Kaka, jamani," Neema akasema, "mgeni huyo."

"Mgeni gani anakuja kila siku?"

Baba Brian akacheka, akajimiminia chai yangu.

Joel hakusema mengi. Alikuwa na workshop manual ya gari lile, kitabu kinene alichokisoma wiki nzima usiku na kukipaka rangi ya njano kila ukurasa, kama mtu anayejiandaa na mtihani. Mimi vitabu vya namna hiyo navidharau. Nilishamwambia: gari halisomwi, linashikwa.

Mpaka mchana vyuma vya zamani vyote vilikuwa sakafuni na vipya vimeingia. Gari liko juu ya stendi nne, matairi hayapo, mikono ya suspension inaning'inia. Nikiwa chali chini yake nikaanza kukaza boliti za bushi moja baada ya nyingine, kwa nguvu zangu zote.

Joel akachuchumaa pembeni na kitabu chake.

"Bro, wait. Kitabu kinasema usikaze..."

Sikumwacha amalize.

"Joel. Mkubwa akiwa chini ya gari, mdogo anashika tochi."

Kamati ikaangua kicheko. Frank ndiye alicheka zaidi, watu wanaotafuta mke hucheka sana. "Hiyo nimeipenda, kaka mkubwa. Naiweka status."

"Hapo umemaliza yeye," Baba Brian akasema.

Neema hakucheka.

Niwe mkweli, nilisikia raha. Kwetu tangu utoto niliweka sheria: mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Niliiweka kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na sita nalea watoto wawili, na bila sheria wasingenisikiliza. Joel akakifunga kitabu, akashika tochi. Na aliishika vizuri. Mwanga haukucheza hata kidogo mpaka boliti ya mwisho.

Tukarudisha matairi, tukashusha.

Gari likabaki juu. Springi mpya ni fupi kuliko za zamani, lakini gari limesimama juu kuliko mwanzo, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Mtoto wa chekechea angeuliza kwa nini.

Baba Brian akatoa hukumu: "Itajishusha tu, boss. Spring mpya lazima ikae."

Nikakubaliana naye. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile nakubaliana na Baba Brian, na hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Tukatoka, mimi na Joel tu, yeye akiendesha.

Mtaa wetu una matuta sita. Tuta la kwanza, chini kukatoa mlio. Tuta la pili, mlio ukazidi. Sauti ya kitanda cha guest house, wakuu, mnaijua wenyewe. Kufika North Circular gari linadunda, halitaki kukaa barabarani, kila kiungo kinanung'unika. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, Joel hakuwasha redio.

Nikamwambia, "Unaona?"

"I see, bro."

"Linauzwa."

"Okay."

Basi. Hakubishana, na mimi sikuishia hapo. Kutoka pale mpaka nyumbani nilimpa hotuba nzima: habari ya kupenda makelele, habari ya vijana wa siku hizi, habari ya mtu kununua ugonjwa wa wengine kwa hela yake. Nikamtaja mpaka marehemu baba. Aliendesha polepole sana kwenye matuta, kana kwamba analionea huruma.

Mnunuzi alikuja Jumapili, Mkongo mmoja wa Lewisham, Papa Jérôme, ametoka kanisani na suti ya rangi ya maziwa. Akalala chini na suti yake, kwenye zege lenye oili, akachungulia. Moyoni nikamcheka.

"Nani alifunga hizi?" akauliza akiwa kule chini.

"Mimi."

"Aa," akasema.

Akalipa, akaondoka nalo likilia mpaka mwisho wa mtaa. Joel hakutoka nje kuangalia.

Mwisho wa mwezi Joel akahama. Akasema amepata chumba Stratford, karibu na kazini. Neema akanitazama, nikamwambia asinitazame hivyo, kijana amekua.

Haikupita muda nikapokea voice note ya Papa Jérôme. Nanukuu nilivyoisikia:

"Ndugu yangu, gari iko muzuri sana, Mungu akubariki. Ulikaza maboliti gari ikiwa hewani. Mi nililegeza zote ikiwa chini kwa matairi, nikatikisa, nikakaza tena. Ikashuka, kelele ikaisha. Dakika makumi mbili tu. Usijali, ndugu, hata mi nilikosea hivyo mara moja."

Dakika ishirini.

Kwa wasiojua: bushi ni mpira. Ukiukaza gari likiwa linaning'inia, unaubana katika mkao usio wake. Ukishusha, mpira unajisokota, unalisukuma gari juu, na unalia. Unatakiwa ukaze mwisho, gari likiwa limebeba uzito wake.

Mtasema, fundi wa miaka yote hiyo hakujua? Nami nilijiuliza usiku kucha. Jibu ni hili. Kule Mwanza gereji yetu ilikuwa na shimo. Tunainua gari kubadilisha, tunalishusha, kisha ndipo unaingia shimoni kukaza ukiwa chini yake. Nilikaza mamia ya bushi kwa usahihi, kwa sababu ya shimo. Sikuwahi kuambiwa sababu na sikuwahi kuuliza. Shimo lilikuwa linajua, mimi nilikuwa nalifuata tu. Edmonton hakuna shimo.

Nikapanda basi, nikaenda Stratford. Nikamsubiri Joel nje ya stesheni mpaka alipotoka kazini.

"Ulijua kuhusu zile boliti?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilijaribu. You told me to hold the torch."

"Sawa, pale kulikuwa na watu. Kwenye gari tulikuwa wawili. Mbona hukuniambia kwenye gari?"

Akaangalia watu wanaopita. Halafu akanijibu kwa Kiswahili kitupu, kitu ambacho hakifanyi:

"Kwenye gari ulikuwa na furaha, kaka. Ulitaka lishindwe. Nilikuona."

Wakuu, nimetukanwa na mabosi, nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na wapangaji wenzangu. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo, na hakupandisha hata sauti.

Kwa sababu ni kweli. Liliponung'unika kwenye tuta la kwanza, nilikaza uso, lakini ndani nilishangilia. Nilikuwa nimeshinda. Nilimshinda nani? Mtoto niliyemlea.

Na unajua nilimjibu nini, mimi kaka mkubwa, mwenye sheria, mwenye hotuba?

Nikasema, "Haya, umekula?"

Nikamnunulia kuku na chipsi. Tukala tumesimama, tukazungumzia mpira, akaenda zake kwake. Hivyo ndivyo sisi wazaliwa wa kwanza tunavyojua kuomba radhi, kwa kulisha watu. Ni ujanja wa kijinga. Aliyeshiba hawezi kujua kama umemwomba msamaha au umemwonea huruma.

Niliicheka kamati nzima siku ile. Nikamcheka Frank na simu yake, Baba Brian na glovu zake, Mkongo na suti yake. Aliyestahili kuchekwa alikuwa chini ya gari.

Nilichojifunza kuhusu magari nimeshawaambia: kaza bushi mwisho, gari likiwa juu ya matairi yake. Ukifundishwa kazi, uliza na sababu, maana siku utakayohamishwa mahali, sababu ndiyo utakayobeba.

Cha pili ni cha waliolea wadogo zao. Tukishawalea huwa tunajiona wao ndio wenye deni, maisha yote. Mimi nilitembea na hesabu hiyo miaka mingi, naikagua kila nikiudhiwa. Sasa nimegeuka mdaiwa, na anayenidai hanidai kwa mdomo. Anakuja kula Jumapili, ananisalimia vizuri, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Mara mbili nimefungua mdomo. Mara ya kwanza nikauliza kama chumba chake kina heater. Mara ya pili nikamwambia aongeze mboga.

Karibuni mchangie. Mnaotaka kunisema kuhusu boliti, semeni, nastahili. Lakini zaidi nawataka wazaliwa wa kwanza: kama kuna aliyewahi kumwomba mdogo wake msamaha kwa mdomo wake, bila kumpa chakula kwanza, aniandikie hapa neno la kwanza alilosema lilikuwa lipi.

Joel anakuja Jumapili hii pia. Mpaka naandika hapa, sijamwambia.