Mgeni Rasmi wa Zohali

Kundi letu la wapenda nyota lilitoka Bariadi mjini kwenda kijijini Nkololo kukimbia taa za mji zinazofifisha nyota. Tulipofika, kitu cha kwanza kushushwa kwenye gari kilikuwa jenereta, cha pili balbu. Nikahesabu viti vya plastiki: ishirini. Nikarudia: ishirini. Darubini moja, nayo imefunikwa kitambaa kama maiti, kwa sababu mwenyekiti alisema haiguswi mpaka mgeni rasmi aizindue.

Mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa njiani tangu alasiri.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya jirani yangu, mwalimu mstaafu, tunayemwita mayu, yaani mama. Maisha yake yote ya kazi alifundisha sayari kwa chaki, Zohali na pete yake, na hajawahi kuiona. Presha ya macho imeshakula jicho la kushoto. La kulia, daktari alimwambia, asiliwekee mipango ya mbali. Zohali ilikuwa juu yetu, safi, na upande wa ziwa wingu lilikuwa linapanda. Sisi tulikuwa kwenye utambulisho. Katibu alimtambulisha mweka hazina, mweka hazina akamtambulisha katibu.

Nikamvuta mwenyekiti pembeni. Nikamwambia anayenunua redio huiwasha kwanza dukani; sasa mheshimiwa akiinama asione kitu, aibu itakuwa ya nani? Akakuna shingo. Akasema labda fundi ajaribu mitambo.

"Fundi ni mayu," nikasema. "Na hiyo jenereta izimwe, inasumbua mitambo."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa, lakini akaizima.

Nikaondoa kitambaa, nikaielekeza darubini kwenye Zohali, mayu akainama. Wingu lilikuwa limeshafika karibu, nikadhani tumechelewa.

"Ipo," akasema taratibu. "Kama shanga, na sindano imepita katikati."

Hakuinuka mpaka wingu lilipoifunika.

Mgeni rasmi akafika, akahutubia, akakata utepe, akainamia darubini chini ya wingu zito. Akatangaza kwamba anaona vizuri sana. Tukampigia makofi, mimi pia, maana pilau ilikuwa haijagawiwa. Mwenyekiti akamkaribisha mayu naye aone.

"Mwache mheshimiwa aendelee, baba," mayu akamjibu. "Jicho langu mimi linaishia kwenye wingu."

Garini alichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Watoto wa watu, akasema, aliwachorea pete nene kama ngata ya kubebea ndoo, tena kwa kujiamini. Akaifuta, akachora upya, nyembamba.