Paa la Bibi na Wapiga Picha

Rafiki yangu, wewe umewahi kukatazwa kumwezekea bibi yako nyumba? Mimi nimekatazwa, tena mchana kweupe, na binti aliyevaa kofia yenye picha ya mlima.

Nilikuwa natoka Katesh na pikapu ya kukodi, nyuma imejaa mabati, misumari na mbao. Nikapanda barabara ile ya kwetu Mbulu, upande wa Masieda, barabara inayoweza kumng'oa mtu hata meno aliyokwisha kung'olewa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunusanusa milima. Nilipofika kijijini nikakuta mti umelazwa katikati ya njia, na ubao umeandikwa Kijiji cha Asili. Binti akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo," nikaitikia. Halafu akasema, "Karibu mgeni."

Mgeni! Kitovu changu kimezikwa nyuma ya zizi la pale.

"Ila mabati hayapiti, kaka. Kamati ya utalii imekataza. Nyumba ya yule bibi isiguswe."

Yule bibi ni bibi yangu, mama yake mama. Na nyumba ile, kabla hatujafika kwenye hasira zangu, lazima nikuonyeshe ilivyokuwa.

Wazee wetu walijenga kwa kuchimba. Walikata ubavu wa kilima, wakaiingiza nyumba ndani ya ardhi, wakaifunika kwa miti, majani, samadi na udongo. Walisema hivyo ndivyo walivyojificha wasionwe na wezi wa ng'ombe enzi zile. Ukija kutoka upande wa juu huoni nyumba, unaona kipande cha majani kinachofuka moshi. Mbuzi walikuwa wanakula juu ya vichwa vyetu. Wageni wangapi wamejikuta wamesimama juu ya paa, wanauliza kwa sauti, "Jamani, hapa kuna watu?" na bibi anawajibu kutoka chini ya miguu yao, wanaruka kama wamekanyaga moto!

Ndani, mkono wa kulia walilala ndama, wa kushoto tukalala sisi, na katikati palikuwa na moto ambao sijawahi kuuona umezimika. Vitunguu saumu vilisukwa kama nywele za binti, vikaning'inizwa juu. Vibuyu vya maziwa vilifukizwa kwa kijinga cha mti wenye harufu tamu, na hayo maziwa ya mgando ukiyamwagia ugali wa mtama, rafiki yangu, ulikuwa unasahau jina lako mpaka umalize kulamba mkono. Asubuhi baridi ilikuwa kali kiasi kwamba ukitukanwa, tusi linaganda njiani, linakufikia saa nne jua likishachomoza. Tulizoa samadi kwa mikono ili vidole vipate joto. Shuleni mwalimu alikuwa anatujua watoto wa nyumba za chini kwa harufu ya moshi. Alitupanga karibu na dirisha, na hatukuona kwamba ni fedheha.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa paa. Paa la udongo lina tabia ya mtoto mchanga: usipolishika kila mara, linalia. Kila mwaka kabla ya mvua lilipaswa kuvuliwa na kuvikwa upya. Bibi alikuwa anatoka alfajiri, anazunguka upande wa juu ambako paa liko sawa na ardhi, anatembea tu mpaka katikati, na kuita. Bibi akiita, hata ng'ombe wa mbali kule Dirma waliacha kula. Kabla umande haujakauka watu walishafika. Wanaume na miti, wanawake na vikapu vya samadi, sisi watoto kwenye shimo la udongo tukikanyaga mpaka magotini. Hakuna aliyelipwa. Kulikuwa na pombe ya mtama, na ugali mkubwa kuliko mlima Hanang, ambao siku isiyo na ukungu tunauona kule kusini. Asiyekuja hakutozwa kitu. Ila asubuhi moto wake ukizimika, asimwendee mtu kuomba kaa.

Mkaguzi wa kazi alikuwa jirani yetu, mzee mnene kupita wote wa ukingo wetu huu wa bonde. Udongo ukishasawazishwa, aliitwa kucheza ngoma juu yake. Akicheza paa likatulia, watu wanashangilia. Mwaka mmoja mguu wake ulipita, ukatokea juu ya sufuria ya maharage, na bibi akaupiga mwiko akisema, "Toa nyama yako, bado haijaiva!"

Na bibi alikuwa na neno lake, alilirudia kila mwaka akitupandisha vikapu: "Udongo haupandi wenyewe."

Basi nikaiacha pikapu kwenye ule mti, nikatembea. Jirani mnene amekwisha kuzikwa. Waliokuwa wakileta miti wamehamia Haydom na Babati, au wako palepale wakilala chini ya bati, wamepumzika. Siwalaumu. Imebaki nyumba moja tu ya chini, ya bibi, na miaka mingi hakijapanda kikapu hata kimoja juu yake. Tangu wageni waanze kuja kuangalia bonde kutoka ukingoni, kamati imeona hiyo ndiyo mali.

Nilikuta viatu vingi mlangoni. Ndani, kiongozi wa wageni alikuwa anaeleza kwa Kiingereza, na mimi kidogo nakisikia, maana nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu. Alikuwa anasema paa hili la asili halipitishi maji. Anasema hivyo amesimama kando ya beseni linalopokea matone! Bibi akalisogeza kwa mguu ili mgeni asijikwae. Blanketi lake ungelikamua ungejaza ndoo. Alikohoa, wakampiga picha akikohoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunipiga picha na wewe?"

"Nimekuja na mabati, mke wangu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Basi leo nimeolewa kweli!"

Mwenyekiti wa kamati akafika. Nimechunga naye ndama, tumelala naye kwenye ngozi moja mle ndani. Amevaa buti safi.

"Ndugu yangu," akasema, "wageni hawatoki kwao kuja kuangalia bati. Bati wanalo. Wanakuja kuona uhalisia."

"Uhalisia ni huyu mzee anayelowa."

"Sasa usiwe mkali. Tunaweza kukubaliana. Tuweke bati, halafu tulifunike udongo na majani, lisionekane."

Bibi aliyekuwa anapepeta maharage akasema bila kuinua macho, "Udongo wa kunifunika uko njiani wenyewe. Msiusukume."

Mimi nikawaka. Nikamwambia: mnataka paa la udongo? Sawa. Mimi nalipenda kuliko ninyi wote, nimelikanyagia matope. Basi kesho iitwe kazi kama zamani, kamati yote ije na vikapu. Paa likivikwa vizuri, narudi Katesh na mabati yangu, sisemi neno. Akakubali mbele ya watu. Akanipa mkono kabisa.

Alfajiri bibi alizunguka upande wa juu, polepole, nimemshika kiwiko. Akasimama katikati ya paa, akaita. Sauti ile ile! Ilikwaruza kidogo tu mwanzoni, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Nikasema moyoni, sasa mtaona.

Wa kwanza kuja alikuwa mama yake mwenyekiti, kikongwe, na kikapu cha samadi mgongoni. Wakafuata wanawake wawili wa rika lake, mmoja anatembelea fimbo. Akaja pia yule binti wa kofia, bila kofia, akavua viatu na kuingia shimoni bila kuambiwa. Kisha kamati ikafika. Wamevaa fulana mpya zinazofanana. Hawakushika hata jembe. Nyuma yao magari ya wageni! Walikuwa wametangaza usiku kwamba kutakuwa na onyesho la ujenzi wa asili. Wakapangwa wageni pale juu, penye mwanga mzuri, na mwenyekiti akawa anawaelekeza vikongwe, "Mama, rudi tena na kikapu, polepole, huyu hajapata picha."

Mama yake! Aliyemzaa! Anamrudisha na samadi mgongoni kwa sababu ya picha! Rafiki yangu, nilikuwa na hasira ya kuchemsha chai.

Bibi ndiye aliyemaliza. Aliangalia zile simu za wageni, akawaangalia wenzake watatu wanavyohema. Akamtua mama yake mwenyekiti kikapu, akakiweka chini.

"Basi," akasema. "Shukeni. Nyumba waichukue. Mimi nina baridi."

Akaingia ndani, akatoka na vibuyu vyake na mafiga matatu kwenye kanga, akateremka kwenye shamba la vitunguu saumu, upande wa chini wa ubao wao. Hapo ndipo pikapu ilipoletwa. Mwenyekiti alijaribu kusogea kutuzuia kwenye ule mti wa njiani, lakini wa kwanza kubeba bati alikuwa mama yake, na hakuna mwana wa kwetu anayeweza kumzuia mama yake njiani mbele ya watu. Tulijenga vyumba viwili kwa vumbi, matope na kelele, na vikongwe wakipitisha misumari. Bibi akalala pakavu. Kikohozi kikamwacha.

Nyumba ya chini nayo ikafanya kama ilivyo desturi yake. Paa lile linaishi kwa moshi. Moto ukizimika mchwa wanapanda, na miti inaliwa kimyakimya. Mvua zikiwa katikati, mwenyekiti alinipigia simu. Akaomba eti nimwambie bibi awe anakuja asubuhi kuwasha moto, kidogo tu, kwa ajili ya nyumba. Nikapeleka ujumbe. Bibi akajibu, "Mwambie awashe yeye. Moshi haubagui." Hakuwasha. Mvua zilipoisha paa lilikuwa limelala chini.

Sasa watu wananiuliza kama sioni uchungu. Naona! Harufu ile ya moshi na vitunguu ningeifuata kwa miguu mpaka Mogitu. Lakini wanalia nyumba, nyumba, kana kwamba ilijijenga. Mimi nililie miti iliyoliwa na mchwa? Ninamlilia yule mzee mnene na ngoma yake juu ya tope, na ule umande uliokuwa unakanyagwa na kijiji kizima kwa sababu mwanamke mmoja ameita. Hao hawakuangushwa na mvua. Na kamati hadi leo haijaona kilichoanguka.

Juzi nilikwenda kumwona bibi. Amekaa mlangoni kwake anachambua vitunguu saumu. Pale juu, kwenye shimo lililoota upupu, wageni wamesimama kwa duara, na kiongozi kijana anawaeleza. Anasema hapa waliishi watu wa kale waliochimba nyumba zao ardhini, watu hao wametoweka.

Nikamtafsiria bibi. Akaweka kitunguu chini, akasimama, na ile sauti ikapanda kilima kizima.

"Wewe! Mtoto wa nani wewe? Shuka unisalimie kwanza, ndipo uwaambie nimetoweka!"

Hakushuka. Wageni wakageuka wote kwa pamoja, wakanyanyua simu.