Maji Aliyokunywa Mgeni

Jumapili moja, baada ya mahubiri, mgeni kutoka serikalini alisimama mbele ya kanisa letu hapa Matinyani akasema utumishi wa lazima jeshini huenda ukaanzishwa, kwa sababu vijana wetu ni wavivu na hawana adabu. Kisha akaomba maji.

Mjukuu wangu wa kike akampelekea kikombe. Maji yale yalitoka kwenye bwawa la mchanga, ukuta wa mawe unaozuia maji chini ya mchanga wa mto, ambalo yeye na wenzake walilijenga kwa mwethya, kazi yetu ya pamoja, wakibeba mawe kutoka kilimani bila kuamrishwa na mtu. Sasa anangoja kuingia chuo cha uuguzi, na mgeni huyu anataka ashike bunduki kwanza.

Mgeni akanywa, akapangusa mdomo, akanigeukia mimi, mzee wa kanisa. “Mzee, tuombee mpango huu.”

Nimemshukuru Mungu hata miaka ya njaa, lakini siku hiyo nilisimama kwa hasira. “Mwanangu,” nikamwambia, “mshukuru kwanza aliyekuletea maji.”

Akageuka kumtafuta. Msichana alikuwa amerudi kuketi na wale wavivu.

Nami nikaketi. Maombi hayo sijayaomba hadi leo.